Galaxy Quest inanoga pale inapoamini, inalegea pale inapojisahau

Nimeirudia Galaxy Quest juzi, hata sikumbuki ni mara ya ngapi, na kila nikiimaliza nabaki na mambo yale yale mawili kichwani. Kwanza ni komedi ya sai-fai yenye roho kuliko nyingi nilizowahi kuona, na pili kuna vipande vinaniuma kweli, vinaniuma kwa sababu naipenda.

Kwa ambaye hajaiona, picha linaanza hivi: kuna waigizaji wa tamthilia ya anga iliyosimamishwa mwaka 1982, karibu miaka ishirini imepita na bado wanaishi kwa kuvaa magwanda yale yale na kuwasainia mashabiki picha, wenyewe kwa wenyewe hawapatani, kila mtu kachoka. Siku moja wanatokea viumbe kutoka anga za mbali wanaoitwa Wathermia, wamenasa matangazo ya ile tamthilia wakaamini ni historia ya kweli, afu wakajenga chombo kizima kwa kuiga walichokiona kwenye skrini. Sasa wanavamiwa na wanamtaka "kamanda" aje awaokoe. Muvi ilitoka 1999, kaongoza Dean Parisot, na yeyote anayeijua Star Trek, ile tamthilia maarufu ya anga, ataona ilikotoka hiyo tamthilia ya ndani ya muvi.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hao Wathermia hawadanganyi, wala hawajui maigizo ni kitu gani. Muvi ingeweza kuwafanya mazezeta tu tuwacheke basi, lakini haikufanya hivyo, imewachukulia kwa uzito na imani yao ikawa ndo inaendesha kila kitu, hata vichekesho. Angalia ile korido yenye mavyuma makubwa yanayopondaponda, Gwen, mmoja wa wale waigizaji, anafoka kwa nini kitu kama hicho kiwekwe ndani ya chombo, jibu ni kwamba kilikuwepo kwenye episodi moja! Mwandishi wa tamthilia alikuwa mvivu, sasa uvivu wake unataka kuua watu wa kweli. Au lile bomu la kujilipua, wameshabonyeza kitufe cha kulizima na namba zinaendelea tu kushuka, zinakuja kusimama kwenye moja kabisa, maana kwenye tamthilia zilisimama hapo hapo kila siku. Ukikiangalia kichekesho cha namna hiyo mara ya kumi bado unacheka, kwa sababu kimetoka kwenye hadithi yenyewe, hakijabandikwa.

Halafu kuna ile sehemu ambayo mimi siwezi kuiangalia nikiwa nimetulia. Adui, Sarris, ameshaujua ukweli, Mathesar kiongozi wa Wathermia amefungwa na anateswa, na Jason, yule muigizaji wanayemwita kamanda, anaambiwa amweleze mwenyewe kwamba yeye si kamanda. Tim Allen anayemcheza Jason muda wote kacheza mtu wa majivuno, hapa majivuno yote yanamtoka, anatafuta maneno hayapati, anafikia kuonyesha kwa vidole kwamba kile chombo kilikuwa kadude kadogo tu. Sasa muangalie Enrico Colantoni aliyecheza Mathesar, uso wake tu. Kaja na sauti ya ajabu na tabasamu lisiloisha toka mwanzo, tumemcheka weee, na ghafla mtu yule yule anakuvunja moyo. Waigizaji wengi wa komedi hawafiki hapo.

Alan Rickman yeye sina hata la kuongeza, anacheza muigizaji wa jukwaani aliyejikuta maisha yake yote yameishia kwenye kichwa cha plastiki na sentensi moja ya kiapo anayoichukia. Sam Rockwell naye kama yule msaidizi asiye na jina ambaye ana uhakika atakufa kabla ya wote, hofu yake ni ya kweli kabisa.

Sasa yanayonikera. Sarris mwenyewe, ukimtoa kwenye lile tukio la mateso, hana kitu. Vazi lake limetengenezwa vizuri sana ila hatujui anataka nini zaidi ya silaha na kisasi, katili basi. Mapenzi ya Fred, mwingine katika wale waigizaji, na Laliari wa Kithermia yanaingia haraka yanapita haraka, yalistahili hata dakika tano zaidi.

La Gwen ndo linaniudhi zaidi. Muvi yenyewe inalalamika, na inalalamika kwa haki, kwamba kwenye tamthilia kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya kompyuta na kuvutia macho ya watazamaji. Sawa, hoja nzuri. Lakini kadiri hadithi inavyokwenda gwanda lake linazidi kufunguka, na kamera inaangalia kule kule ilikosema ni kosa kuangalia. Na huyu ni Sigourney Weaver jamani, mtu aliyeibeba muvi ya Alien mwaka 1979! Walikuwa naye mkononi wangempa uamuzi mmoja mkubwa wa kwake peke yake, hawakumpa.

Na mwisho, Omega 13. Hiki ni kifaa kinachorudisha muda nyuma kwa sekunde 13. Karibu na mwisho Sarris anaingia kwa kujibadilisha sura, anawapiga risasi watu tunaowapenda, unashtuka kabisa, halafu kifaa kinawashwa na wote wako wazima. Naelewa walituandaa mapema na kitufe hicho kilitajwa toka mwanzo, lakini uchungu wote uliojengwa unafutwa ndani ya dakika moja na mimi naona nimedanganywa kidogo.

Kinachonisumbua ni kwamba muvi hii hii ilishaonyesha inajua kufanya vizuri zaidi. Quellek, yule kijana wa Kithermia aliyemfanya mhusika wa Rickman kama baba yake, anapigwa risasi na anafia mikononi mwake, na Rickman anamwambia kile kiapo alichokuwa anakichukia, safari hii akimaanisha kila neno, anakisema polepole kama mtu anayeaga mwanae. Sekunde 13 hazimfikii Quellek, yeye harudi. Ndo maana mpaka leo namkumbuka yeye, na wale waliorudishwa kwa kitufe nakumbuka tu kwamba walianguka.