Mwambie Hatupo

Najua mmeshasikia. Ndugu yangu wa dawati la pili kawasimulia kwenye grupu, tena kaongeza chumvi. Sikulia. Liliniingia vumbi.

Bosi alitaka X (Twitter ya zamani) ifungwe saa za kazi. Ndugu huyo akanishauri: weka Unbound, programu ya DNS (kile kitabu cha majina ya intaneti) iliyo tayari, mistari miwili, nenda nyumbani. Nikamcheka. BIND, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nikaiita mzee wa miaka ya 1980. Lugha ya programu ya Rust nikaijaribu, ikanigombeza mpaka usiku wa manane (wana Rust, msinijie inbox). Mwisho nikaandika seva yangu mwenyewe ya DNS kwa Python. Na mimi si ndiyo msanii? Nikaipa mdomo: jina lililozuiwa likipiga hodi, linajibiwa NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, na kwenye skrini yangu inaandikwa "Mwambie hatupo."

Orodha ilikuwa na majina mawili tu, x.com na t.co, kile kifupisho cha viungo vya X. Sharti jepesi: ukikuta herufi hizi popote ndani ya jina, kataa.

Jumatatu, kikao na mteja. Laptopu iliyochomekwa kwenye projekta ya nani? Yangu. Bosi anabofya kiungo. Kimya. Anabofya tena. Mimi kwa kiherehere nikashusha kivinjari, na ukutani, herufi kubwa kama bango la kampeni:

Hodi: teams.microsoft.com. Mwambie hatupo.
Hodi: teams.microsoft.com. Mwambie hatupo.

Bosi akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma wosia. "Mwambie... ha-tu-po." Akanigeukia. "Nani hayupo?"

Mimi macho yameganda kwenye microsof-t.co-m. Iko hapo katikati, jamani! Feni inalia kwii, kwii. Mhasibu anajikuna shingo. Mara mstari mwingine ukajiandika wenyewe:

Hodi: netflix.com. Mwambie hatupo.

Hilo halikupata mlalamikaji. Wote tuliangalia meza.

(Mwaka 2021 Urusi ilipoibana Twitter, iliingia shimo hilihili la t.co, Microsoft na Reddit zikakwama. Serikali nzima! Niacheni.)

Kikao tukakifanya kwa bando la simu. Kabla ya chai ya saa nne Unbound ilishakaa. Yenyewe hukata jina kwenye nukta, haibahatishi herufi.

Leo nimekwenda mlangoni kwa bosi kuomba ruhusa ya Ijumaa. "Hodi?" Kimya. Halafu nikamsikia akimnong'oneza sekretari.

Mnajua alichosema.