Ski za mtumba: tazama vifungio kwanza, michoro baadaye

Mtu akiletewa jozi ya ski za mtumba, yaani mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, jicho lake hukimbilia juu: michoro, mikwaruzo, jina la kampuni. Halafu anauliza bei. Kwa maoni yangu, huo upande wa juu ndio wa mwisho kutazamwa, na bei anayotaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Iliyobaki utaimalizia kwa fundi: kurekebisha vifungio (vile vinavyoshika buti kwenye ski) vilingane na buti lako, kuvipima, kunoa kingo, kusawazisha uso wa chini na kupaka nta. Kwa jozi iliyozeeka, kazi hiyo huweza kuzidi thamani ya ski zenyewe. Na kuna linalouma zaidi ya hilo, pale fundi anapotazama vifungio, akatikisa kichwa na kukurudishia mzigo wako.

Fundi anapokataa, hafanyi maringo. Watengenezaji wa vifungio hutoa kila msimu orodha ya modeli ambazo bado wanazidhamini. Kifungio kikishatolewa kwenye orodha, duka litakalokirekebisha linabeba lawama peke yake mteja akivunjika mguu. Ndiyo maana maduka mengi, hasa Marekani, hayagusi kifungio kisichokuwemo, hata kama hakijawahi kukanyaga theluji na bado kimo ndani ya boksi. Kwa hiyo kabla hujafunga safari kwenda kuziona ski hizo, mwombe muuzaji picha ya karibu ya kifungio, jina la modeli lisomeke, kisha muulize fundi wako kama anakipokea. Akikataa, ski hizo zihesabu kama mbao mbili zisizo na vifungio, na bei ishuke kufuatana na hilo.

Vifungio vyenyewe vina kazi mbili zinazopingana: kushika buti usiporomoke katikati ya kona, na kuliachia kabla mguu haujavunjika. Kipande cha mbele huachia kwa kuzunguka pembeni, cha kisigino kwa kuinuka juu. Namba inayoonekana kwenye kidirisha, ile inayoitwa DIN, inaeleza ugumu wa kuachia. Namba yako hupatikana kwa kupiga hesabu ya uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna unavyoteleza, kwa tahadhari au kwa kasi. Waliofikisha miaka 50 na watoto wa chini ya miaka 10 hushushiwa ngazi moja. Angalia namba yako isiangukie mwisho kabisa wa kipimo cha kifungio. Kifungio cha mashindano kinachoanzia 8 hakimfai mtu wa namba 5, na hakuna bisibisi itakayokishusha hadi hapo. Wapo wanaoamini kwamba kifungio chenye namba kubwa ni bora zaidi. Kwao wenyewe, labda, kama wana uzito na kasi ya kukihitaji.

Tena, kidirisha hakisemi kweli siku zote. Springi inaweza kusoma 6 lakini kifungio kikagoma kuachia mpaka nguvu ifike ya 8, kwa sababu grisi ya ndani imekauka au imejaa mchanga. Ski zilizobebwa miaka mingi juu ya paa la gari bila mfuko, kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, ndizo zinazoathirika zaidi: maji ya chumvi husukumwa na upepo hadi ndani na kuosha grisi yote. Muulize muuzaji alikuwa anazisafirisha vipi. Jibu lake litakufaa kuliko hadithi ya kwamba zimetumika mara chache.

Ukiwa umezishika mkononi, anzia na bamba dogo linalokaa chini ya vidole, ambalo buti huteleza juu yake linapotoka. Likiwa limechanika, limebanduka au limeliwa mpaka lina mabonde, buti litakwama pale na kifungio kitachelewa kuachia. Kwenye modeli ambazo bamba hilo husogea, lisukume pembeni kwa kidole. Lirudi lenyewe katikati bila kusita. Kisha kandamiza kanyagio la breki kwa kiganja: mikono yake ijikunje juu pande zote mbili, na ukiachia ifyatuke chini papo hapo. Breki inayorudi kwa uvivu itaiacha ski ikimbie mlimani peke yake kuelekea kwa watu walio chini. Mwisho ingiza buti lako mwenyewe (nenda nalo, usikubali kujaribu kwa buti la muuzaji) na utazame alama ya mgandamizo nyuma ya kisigino. Ikiwa haiingii kwenye eneo lake hata baada ya kusogeza kisigino chote, kifungio hakikutoshi.

Vipimo vya mikono vinaishia hapo. Kujizungusha mguu sebuleni mpaka buti lichomoke hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni mashine ya fundi inayopima nguvu ya kuachia mbele na nyuma, kwa utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 11088, buti lako likiwa ndani.

Hapo ndipo namna vifungio vilivyofungwa inapoingia. Vikiwa juu ya reli, kusogeza kwa ajili ya buti refu au fupi ni kazi ya dakika chache. Vikiwa vimepigwa skrubu moja kwa moja kwenye ski, nafasi ya kusogea ni ndogo, na soli yako ikipishana sana na ya mwenye ski wa kwanza, itabidi vitobolewe upya. Basi hesabu matundu. Tundu jipya linatakiwa kuwa mbali na la zamani kwa takriban sentimita moja, na ya zamani yazibwe kwa gundi na vizibo. Ski iliyotobolewa mara mbili bado inabeba. Ya mara tatu mimi naiacha, maana sehemu iliyo chini ya mguu ndiyo inayovutwa kuliko zote. Shika kifungio ukitikise. Kikicheza, au ukiona kutu ya kahawia ikichuruzika pembeni mwa skrubu, maji yameshafika kwenye kiini cha mbao, na mbao iliyooza haishiki skrubu tena.

Sasa geuza ski. Uso wa chini ni plastiki ya polietilini yenye unene wa kama milimita 1.2 hadi 1.5 ikiwa mpya. Mikwaruzo ya kawaida si hoja, hujazwa kwa plastiki ya kuyeyusha na kuparuzwa. Rangi nyeupe ya chaki karibu na kingo ni ukavu tu, nta ya moto itaumaliza. Hoja ni shimo lililozama mpaka unaona mbao au nyuzi za kioo, hasa likiwa limegusa ukingo wa chuma. Hilo hutengenezeka, lakini kwa kukata kipande na kubandika kingine, na mara nyingi bei yake haina maana kwenye ski ya mtumba.

Weka rula ya chuma kwa kukingama juu ya uso wa chini na uitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita katikati, kingo zimeinuka kuliko plastiki na ski itang'ang'ania kugeuka yenyewe. Ukipita pembeni, ski itakuwa inayumba kama haijui inakokwenda. Mashine ya jiwe husawazisha yote mawili, ila kila ikipita hula plastiki na chuma. Ndiyo sababu unene wa ukingo ni muhimu kuliko ukali wake. Ukali unarudishwa kwa dakika chache. Chuma kilichoisha hakirudi. Ukingo mpya huwa karibu milimita 2. Ulinganishe ule wa chini ya kifungio na ule wa karibu na ncha ya mbele, usiochakaa sana, na tofauti yake itakuonyesha ski imenolewa kiasi gani. Ikibaki chini ya milimita 1 hapo chini ya mguu, ski haina uhai wa misimu mingi. Kutu ya unga wa rangi ya chungwa inafutika kwa raba maalumu. Kutu iliyochimba vishimo, au ukingo uliopasuka na kuvutika nje, achana nao.

Kwa matabaka, pitisha ukucha kwenye mshono wa pembeni, toka ncha hadi mkia. Mkiani kaa zaidi, kwa kuwa watu husimamisha ski sakafuni na mkia ndio unaopigwa. Ukucha ukizama, bana pale kwa vidole: tabaka likifunguka na kujifunga, au yakitoka maji, ski imebanduka ndani. Vipande vya rangi vilivyobanduka juu kwa sababu ya ski kugongana ni suala la sura tu, na ni kisingizio kizuri cha kuomba punguzo.

Kisha ziweke ski mbili zikitazamana chini kwa chini. Ski nyingi zina upinde: ncha na mikia zinagusana, katikati kuna nafasi ambayo unaweza kuifunga kwa kubana kwa mkono. Nafasi ikiwa haipo kabisa kwenye modeli iliyoundwa na upinde, uhai wa ski umekwisha. Kuna modeli za theluji nene ambazo kwa makusudi zimepinda kinyume, kwa hiyo thibitisha kwanza. Zikibanwa zigusane sawasawa kulia na kushoto. Upande mmoja ukitangulia, mojawapo imejipinda. Tafuta pia mkunjo mdogo juu ya ski, hasa mbele ya kifungio. Ukiuona, tabaka la chuma la ndani limekunjwa, na hakuna fundi anayenyoosha hilo.

Umri nao una mpaka wake. Kampuni ya Elan ya Slovenia ilipoleta ski za SCX mwanzoni mwa miaka ya 1990, ski zenye kiuno chembamba na ncha pana zilianza kuzifukuza zile zilizonyooka, na ndani ya miaka michache ulimwengu wote ukahama. Ski zilizonyooka zinafaa ukutani. Mtego wa kisasa zaidi ni ski za mashindano zilizostaafu, kwa kuwa zimetunzwa vizuri, zina kingo kali, na bei yake hushangaza. Soma kilichoandikwa karibu na mkia. Ski za slalom kubwa za wanaume kwa kanuni za sasa za FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zina urefu usiopungua sentimita 193 na nusukipenyo cha kona cha mita 30, ambacho mtelezaji wa kawaida hatafika kasi ya kukitumia. Atahangaika nazo kutwa nzima akidhani tatizo ni yeye. Kwa mtu mzima anayejifunza, nusukipenyo cha mita 12 hadi 16 na urefu wa kati ya kidevu na pua vinatosha.

Kwenye mabuti msimamo wangu hubadilika: kwa wengi, hapana. Sababu ya kwanza ni plastiki. Magamba mengi ya nje ni ya poliuretani, ambayo unyevu huivunja taratibu hata buti likiwa limekaa kabatini. Buti la miaka 15 linaweza kung'aa kama jipya, na siku ya kwanza kwenye baridi likapasuka kisigino na kumwagika vipande. Sababu ya pili ni kifuko laini cha ndani, kilichokwishajifinyanga kwa mguu wa mtu mwingine. Hakiwezi kujazwa tena. Sababu ya tatu ni soli. Soli ya kawaida ya ISO 5355, yenye milimita 19 mbele na 30 nyuma, ikilika kwa kutembezwa kwenye lami, kifungio hakiishiki kwa usahihi tena. Soli za GripWalk, zilizojikunja kidogo na zenye raba, zinahitaji kifungio kilichoandikwa kwamba kinazikubali. Kingine kisichoandikwa hivyo, usilazimishe.

Ukilazimika, toa kifuko cha ndani, ingiza mguu mtupu kwenye gamba, sogeza vidole mpaka viguse mbele, upime nafasi ya nyuma ya kisigino. Sentimita 1.5 hadi 2 ni sawa. Zaidi ya hapo buti ni kubwa, hata ukibana bizimu zote. Usihangaishwe na nusu saizi: 26 na 26.5 kwa kawaida ni gamba lilelile.

Watoto ndio wanaofaidika na mtumba kuliko wote, maana mguu unazidi buti kabla buti halijachakaa. Angalizo ni moja: soli ya buti la mtoto, aina ya C, ni ndogo kuliko aina ya A ya mtu mzima, kwa hiyo kifungio kiwe kimeandikwa kwamba kinapokea hiyo unayoileta. Na usimnunulie ski ndefu ili akue nazo. Hatazimudu, atachukia mchezo.

Jozi zinazouzwa na maduka ya kukodisha mwisho wa msimu ndizo ninazozipendekeza kwa anayeanza. Ni nzito kidogo na michoro imechubuka, lakini vifungio viko juu ya reli, vimekuwa vikipimwa, na modeli haijatoka kwenye orodha. Pima tu unene wa kingo, kwa sababu mashine zao hupita mara kwa mara.

Helmeti ya mtumba sinunui wala sipokei bure. Povu lake hubonyea mara moja tu, na pigo la zamani halionekani kwa nje. Vivyo hivyo kifaa cha kutafutana kwenye maporomoko ya theluji: vya zamani vyenye antena moja hutuma kwenye kilohezi 457 kama vya sasa, lakini kumtafuta navyo mtu aliyefukiwa kunachukua muda ambao aliye chini hana. Kiwe na antena tatu, kisiwe na kutu kwenye nafasi ya betri, na muulize mtengenezaji kama modeli hiyo haijaitwa irudishwe kiwandani.

Fito za kushika mkononi, nunua zozote. Geuza mmoja kichwa chini, ushike chini kidogo ya kisahani. Kiwiko kikifanya pembe mraba, unakutosha. Za alumini zilizopinda kidogo hunyooshwa mara moja, mara ya pili hukatika. Za kaboni zikiwa na kidonda kilichofika kwenye nyuzi, ziache palepale.