Endometriosisi: mayai mabovu au mayai machache?

Mwanamke mwenye endometriosisi akichelewa kushika mimba, huambiwa upesi kwamba mayai yake ni mabovu. Kauli hiyo ni nzito kuliko ushahidi unaoibeba.

Wanaoitoa wana hoja. Ugonjwa huu, unaowapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, huotesha nje ya mfuko wa uzazi tishu inayofanana na ya ukuta wake wa ndani. Ikiota kwenye ovari, kiungo kinachotunza mayai, hufanya uvimbe uliojaa damu nzito ya zamani yenye chuma kingi, na chuma hicho huchochea kemikali zinazoharibu seli. Yai nalo, ili likomae, lazima lipunguze kromosomu zake, yaani vibeba urithi, kwa nusu, na nyuzi zinazozigawa huvurugika kwa urahisi. Mwaka 1994, Simón na wenzake nchini Hispania waliona kwamba mayai yaliyotoka kwa wenye endometriosisi yalizaa viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) vilivyojishikiza kwa nadra zaidi, hata vilipopandikizwa kwa wanawake wengine. Wagonjwa waliopewa mayai ya watu wasio na ugonjwa hawakupungukiwa nafasi ya kushika mimba.

Lakini baadaye viinitete vilipoanza kupimwa kromosomu, kasoro kwa wagonjwa hawa zilionekana kulingana na za wanawake wengine wa umri wao. Kinachopungua bila ubishi mwingi ni idadi ya mayai yanayovunwa. Kiinitete kizuri kikishapatikana, tafiti nyingi zinaonyesha uwezekano wa kuzaa unaokaribiana na wa wengine. Kwa hiyo naegemea upande huu: huenda baadhi ya mayai hukwama kabla ya kukomaa, ila yanayokomaa hayastahili kuhukumiwa kwa jumla.

Tofauti hii inabadilisha matibabu. Anayeamini mayai yanaharibiwa na uvimbe atataka ukatwe haraka, kumbe upasuaji wenyewe huweza kubandua tishu yenye afya ya ovari pamoja na akiba yake ya mayai, hasa uvimbe ukiwa pande zote mbili. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, haupendekezi kuuondoa uvimbe huo kama kawaida kabla ya urutubishaji wa maabara kwa lengo la kuongeza nafasi ya kuzaa. Maumivu makali ni sababu halali ya kupasuliwa, tena isiyopaswa kupuuzwa. Ila mwenye ndoto ya mtoto apimwe kwanza homoni ya AMH, inayoashiria akiba ya mayai, na aelezwe kuhusu kugandisha mayai kabla kisu hakijagusa ovari.