Mfungwa, Mahabusu, Mateka

Novemba 2023, siku zile Israel na Hamas walipokuwa wakibadilishana watu, redio yangu ilitangaza kwamba mateka wa Israel wameachiwa na upande wa pili wameachiwa "wafungwa wa Kipalestina". Nilikuwa nakunywa chai, nikapitiwa. Iliporudiwa taarifa ya usiku ndipo neno "wafungwa" likanikwama kooni.

Kwetu mfungwa ni mtu aliyehukumiwa. Anayesubiri kesi ni mahabusu. Yeyote aliyewahi kumpelekea ndugu chakula kituoni anaijua tofauti. Na aliyezuiwa bila kesi yuko kizuizini, neno ambalo wazee wa Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa. Sasa, katika Wapalestina 240 walioachiwa wakati ule, wanawake na vijana wadogo, wengi hawakuwa wamehukumiwa. Israel huweza kumzuia Mpalestina miezi sita, kisha sita tena, bila kumsomea shtaka. Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari. Mhariri akatafsiri taarifa ya shirika la nje kama ilivyokuja, na hukumu ambayo hakimu hakuitoa ikatolewa na redio.

Ndiyo maana sishawishiki na wanaosema upendeleo ni mpaka mtangazaji adanganye. Sarufi inatosha. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa habari Mpalestina wa Al Jazeera, alipigwa risasi Jenin, Ukingo wa Magharibi, tarehe 11 Mei 2022, na New York Times mwanzoni ikaweka kichwa cha habari kwamba amefariki akiwa na miaka 51. Amefariki! Utadhani alizidiwa na presha. Septemba mwaka huohuo jeshi la Israel lenyewe likakiri kuna uwezekano mkubwa kwamba risasi ilikuwa ya askari wake, ingawa lilisema si ya makusudi.

Ila na sisi tunaoihurumia Palestina, mimi nikiwamo, tuna madhambi yetu. Tarehe 17 Oktoba 2023 palitokea mlipuko kwenye hospitali ya al-Ahli, Gaza. Ndani ya saa chache vyombo vikubwa vilishamtaja mpigaji, Israel, kwa kauli ya mamlaka zilizo chini ya Hamas. Israel ikakana, ikasema ni roketi iliyoharibika ya Islamic Jihad, kundi jingine la Kipalestina lenye silaha. Siku sita baadaye New York Times ikakiri kwamba iliitegemea mno kauli ile. Kwenye magrupu yangu ya WhatsApp habari ya kwanza ilifika mara kumi na moja. Ya pili hakuna aliyeituma, na mimi sikuituma.

Halafu kuna vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja ulibaki Gaza hadi Novemba 2025. Jirani yangu husema "walipotelea vitani". Hawakupotea. Waliuawa tarehe 7 Oktoba 2023, katika shambulio lililoongozwa na Hamas.