Siku mama mkwe alipogundua yeye ni kalori 112

Mimi ni mtu wa kukaa. Niseme hilo mapema kabla sijaanza kujitetea. Kazi yangu ni kiti, meza na kompyuta, nikitoka hapo naingia kwenye gari nakaa, nikifika nyumbani nakaa, na hata mkiniona nimesimama angalieni vizuri, kuna kitu nimeegemea. Sasa asubuhi moja nikapanda mizani ikasoma kilo 84, na mimi urefu wangu ni sentimita 172, nikasema hapana, hili jambo haliwezi kuachwa hivi hivi, nikapakua apu ya kuhesabu kalori palepale, bado niko juu ya mizani.

Apu ikaanza maswali. Umri, 38. Uzito, urefu, jinsia, nikajaza vizuri kabisa bila kuongopa hata kidogo. Ikapiga hesabu yake, ile fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, afu mwanaume anaongezewa 5 sijui kwa kazi gani, ikaniambia mwili wangu ukilala tu kutwa nzima unatumia kalori kama 1,730. Hapo tulikuwa tunaelewana. Ugomvi ukaanza swali lililofuata: shughuli zako za kila siku zikoje? Mtu wa kukaa, zidisha mara 1.2. Shughuli kidogo, 1.375. Wastani, 1.55. Nyingi, 1.725.

Mtu wa kukaa? Mimi? Nikaona nimetukanwa na simu niliyoinunua mwenyewe. Nikakumbuka wiki ile nilipanda ngazi mara 2 maana lifti ilikuwa mbovu. Nikakumbuka nilivyokimbizana na kofia yangu ilipochukuliwa na upepo, na ile kofia ilikwenda mbali jamani. Nikabonyeza wastani. Ikaja 2,680, apu ikatoa 500 ili nipungue taratibu, ikanipa bajeti ya 2,180 kwa siku. Nikalala roho nyeupe.

Siku ya 3 ndo nikagundua kitufe cha "ongeza zoezi". Jamani. Nilidhani humo ndani kuna kukimbia, kuogelea na baiskeli basi, kumbe kuna kufagia! Kuna kupiga deki, kutandika kitanda, kuondoa vyombo mezani na kuviosha. Kuna watafiti Marekani waliketi wakaorodhesha karibu kila kitu ambacho binadamu anaweza kufanya na mwili wake, orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1993, na kila kitu kina namba yake inaitwa MET. Kukaa kimya ni 1. Vyombo ni kama 2.5. Deki 3.5. Unazidisha na kilo zako, unazidisha na saa ulizotumia, unapata kalori. Na chochote ukiongeza pale, apu inakurudishia hizo kalori kwenye bajeti ya kula. Yani nikiosha vyombo nusu saa, napewa 105. Nikipiga deki nusu saa, 147. Nilikaa kitandani natetemeka kama mtu aliyeambiwa ana urithi benki.

Kuanzia hapo nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kushika fagio. Mke wangu mwanzoni alishtuka, akaniuliza kama nimefanya kosa gani huko nje maana haijawahi kutokea niamke kabla yake nikatandike kitanda, tena na yeye bado yumo. Nikamweleza kisayansi. Nikamwambia kuna daktari anaitwa James Levine, mwaka 1999 akiwa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani yeye na wenzake walichukua watu 16 wakawalisha kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8, na kuna walionenepa na kuna ambao karibu hawakunenepa, na tofauti kubwa ilikuwa ni zile pilikapilika ndogondogo za mchana kutwa, wala sio mazoezi, mmoja wao mwili wake uliongeza karibu kalori 700 kwa siku kwa pilikapilika tu! Mke wangu akanisikiliza hadi mwisho, afu akauliza, "na wewe baba watoto umejuaje kama ni huyo na sio wale walionenepa?" Nikamwambia tusikatishane tamaa. Akanikabidhi na kikapu cha nguo.

Nikanunua na saa janja, hizi zinazohesabu hatua. Nayo nikaiunganisha na apu, kwa hiyo ikawa hatua zinaleta kalori zake kivyake. Je, nilipokuwa napiga deki nimevaa saa, hatua za deki zilikuwa zinaingia pia? Zilikuwa zinaingia. Nilijua? Nilijua. Nilinyamaza.

Kisa cha keki nakisema kwa aibu. Siku hiyo nilijitolea kuoka keki, na mchanganyiko nikaupiga kwa mkono, mkono wenyewe ni ule wenye saa. Nimesimama sehemu moja dakika kama 20 napiga mayai na sukari, kuangalia saa inaniambia nimetembea hatua 2,000 na ushee! Sijatoka jikoni. Nikahesabu zile hatua zinanipa kipande kidogo cha keki, nikaingiza na "kupika" kama zoezi nikapata kipande cha pili. Keki ikawa imejilipia yenyewe. Sijui kama mnaelewa raha ya kula kitu ambacho kimejilipia.

Wiki 6 zikapita hivo. Nikapanda mizani. 87. Nikashuka, nikaisogeza pembeni kwenye sakafu iliyonyooka zaidi, nikavua saa, 87. Nikasema hii ni misuli ya deki.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yeye anakimbia kweli, na kuna siku alinichokoza kwamba mimi mazoezi yangu yako kwenye simu tu. Nikachemka. Nikapiga picha ya skrini ya siku yangu nzima nimtumie aone jinsi mwanaume anavyopambana. Nikatuma, nikaweka simu mezani, nikaenda kuendelea na vyombo. Narudi nakuta jina lililo juu sio la shemeji. Ni grupu la familia ya mke wangu, watu 23, na mama mkwe yumo.

Nawaandikia ile picha ilivyokuwa, msome kama walivyoisoma wao:

Kuosha vyombo, dakika 30, kalori 105.
Kupiga deki, dakika 30, kalori 147.
Kutandika kitanda, dakika 5, kalori 23.
Kutafuta rimoti, dakika 10, kalori 35.
Kumsikiliza mama mkwe kwenye simu (nimesimama), dakika 40, kalori 112.

Hiyo ya mwisho apu haikuwa nayo, niliitunga mwenyewe. Kuna sehemu ya kuandika zoezi lako binafsi. Kila akipiga huwa nazungukazunguka sebuleni, nikaona sio haki nguvu ile ipotee bure. Nikataka kuifuta ile picha lakini vidole vina sabuni, simu haishiki, nafuta kwenye suruali, tayari wameona 14. Mmoja kaweka kicheko. Afu chini pakatokea: Mama anaandika... Ikazimika. Mama anaandika... Ikazimika. Nilisimama na tambara mkononi dakika nzima, na moyo ulivyokuwa unakwenda nadhani hilo ndo zoezi pekee la kweli nililofanya wiki zote 6.

Ujumbe ukaingia. "Mwanangu, nimeona mimi ni kalori 112. Nimeona na kitanda ni 23. Nashukuru sana."

Toka chumbani nikamsikia mke wangu anacheka mpaka anakohoa.

Nikaandika shikamoo mama, nikaomba radhi, nikaeleza kuwa ni apu. Hakujibu radhi. Sasa kitu ambacho sijawaambia, mama mkwe ni mhasibu mstaafu, amekagua vitabu vya watu miaka 31, na mtu wa hivo ukimuonyesha jedwali haoni matusi, anaona jedwali. Akauliza, hapo juu pameandikwa shughuli wastani, bajeti 2,180, maana yake nini? Nikamweleza, na za 1.55 nikamweleza, na saa nikamweleza maana ilikuwa inaonekana pale pembeni imeleta kalori 370. Kimya. Afu ikaja sauti, dakika 6.

"Mwanangu," akaanza, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndo ilinitisha zaidi. "Hii 1.55 yako, ndani yake tayari kuna vyombo. Kuna deki, kuna ngazi, kuna rimoti, na mimi nimo humo humo. Umeshalipwa. Halafu chini unaviandika tena kama mapato mapya. Halafu saa inaviandika mara ya tatu. Sisi kazini mtu wa namna hii tulikuwa hatumfukuzi moja kwa moja, tulikuwa tunamwita kwanza ajieleze."

Akaendelea. Akasema na hizo 112 zenyewe sio halali, kwa sababu dakika 40 hizo hizo ningekuwa nimejilaza kwenye kochi kimya bila kumsikiliza mtu, mwili ungetumia 56 kwa kuwa hai tu, na hizo za kuwa hai zimeshahesabiwa kwenye 1,730. "Kwa hiyo kwa haki mimi ni 56," akasema. "Nisingependa kuzidishiwa."

Afu akafunga hesabu. Mtu wa kiti na meza, hata tukimhurumia tumpe 1.375 kwa ajili ya hayo madeki yake, anatumia kama 2,380 kwa siku. Wewe umejiruhusu 2,180, jumlisha 422 za orodha, jumlisha 370 za saa, jumla 2,972. Umezidisha karibu 600 kila siku. Siku 42. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Akanyamaza kidogo, nikasikia kikokotoo kinabonyezwa, nyie, alikuwa na kikokotoo. "Umeongezeka kilo 3 na kitu. Nimekosea?"

Watu 23 walikuwa wanasubiri jibu langu. Nikaandika, hujakosea mama.

Shemeji ndo akaona hiyo ni nafasi yake, akaleta habari kwamba mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walipima saa za aina 7, mapigo ya moyo nyingi zilipatia vizuri lakini kwenye kalori hakuna hata moja iliyopatia, iliyokuwa na nafuu ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho asilimia 93. Akamalizia na kicheko. Keki sikuitaja. Keki sijaitaja mpaka leo kwenye lile grupu na mkinisaliti ni juu yenu.

Hukumu ya mama ilikuwa fupi: chagua moja. Ama weka 1.375, vyombo usiviandike popote, viishie kwenye sinki. Ama rudi 1.2 kama mtu mwaminifu, ukifanya zoezi la kutoa jasho uliandike, tena nusu ya inavyosema apu. Saa itenganishwe na apu leo hii. Na mizani ndo mkaguzi, baada ya wiki 3 tuione wote. Alisema "tuione wote".

Nikachagua 1.375. Jioni nikamwambia mke wangu kwa kuwa vyombo kumbe havihesabiki, naona turudi kwenye utaratibu wetu wa zamani. Akanitazama kwa muda. "Sinki halina apu," akasema, akaniachia sponji.

Basi juzi niko hapo hapo nasugua sufuria, simu ikaita, mama mkwe. Nikafuta mikono haraka, nikaanza kuzunguka sebuleni kama kawaida yangu, afu nikashtuka, nikavuta kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekaa?"

"Nimekaa mama."

"Haya."