Siku mbili nasubiri kikauke

Jamani naona rafiki yangu ameshamwaga stori kila grupu, tena kaongeza chumvi, acha niseme mwenyewe. (Na chumvi ndo iliyoniponza, mtaona.)

Mnajua ninavyohangaika na zile chembe nano za dhahabu, yaani vipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nataka zote zitoke saizi moja. Safari hii nikazipikia kwenye kimiminika cha ioni, ile chumvi ya imidazoliamu, yaani chumvi ambayo ni maji maji hata bila kuipasha, wakati ya mezani mpaka nyuzi 801 ndo iyeyuke. Kizito kama asali, na ioni zake zinazizunguka chembe zisishikane. Nikadondosha sodiamu borohaidraidi, kemikali inayoigeuza dhahabu iliyoyeyushwa kuwa chembe, povu kidogo, ghafla nyekundu ya rubi! Nyekundu hiyo maana yake chembe ndogo, nanomita 10, 20 hivi, na kila moja kivyake. Nikapiga selfi na kichupa. Msicheke bado.

Sasa hadubini ya elektroni inataka sampuli kavu. Nikaweka tone kwenye kigridi, kile kiwavu cha kubebea sampuli, nikaenda kulala. Asubuhi bichi. Oveni nyuzi 60, jioni bichi. Nikapandisha 80, nikatia na kichupa humo humo eti kipungue, kesho yake tone bado linang'aa kama jicho la samaki, na kichupa kimeanza kuwa zambarau, dalili kwamba chembe zinashikana, nikajiambia ni taa tu.

Prof akaingia. Akainama kwenye kioo cha oveni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Unasubiri nini?"

"Kikauke, Prof."

Kimya. Nasikia feni ya oveni tu, na huyo rafiki yangu nyuma anajifanya anaosha bika ambayo ni safi. Prof akauliza taratibu, kwa upole kabisa, bora angefoka: "Wiki iliyopita, slaidi yako ya tatu, faida ya kwanza ya hivi vimiminika uliandika nini?"

Mdomo wangu ukakauka, ndo kitu pekee kilichokauka maabara nzima.

"Kwamba... havivukizi."

Bika ikaanguka.

Basi, nikakiosha kimiminika na ethanoli kitoke, mashine ya kuzungusha, nusu saa gridi tayari, na chembe kwa ule moto zilishagandana, ndogo, kubwa, mafungu mafungu, saizi moja labda kwenye ndoto.

Leo nimekuta mezani kwangu kamba ya kuanikia na vibanio sita.