Mkanda wa Saa Usiupeleke Mashineni

Idi ikikaribia, saa za chuma hupelekwa mjini kung'arishwa. Mikanda hurudi inawaka kama kioo, na wenyewe hufurahi. Mimi huumia. Mkanda ule ulitoka kiwandani na mistari myembamba iliyolala upande mmoja. Gurudumu la mashine limeifuta yote, likala na kingo za pingili, vile vipande vinavyounganika kuwa mkanda. Mistari hurudishika, kingo zikishaliwa, basi tena.

Na kazi ya kurudisha mistari ni ya nyumbani. Ng'oa pini za springi, vile vijiti vinavyoushika mkanda, uutoe kwenye saa, uoshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Usitie jiki: klorini hutoboa chuma cha pua vitundu vidogo, na chumvi ya pwani huviendeleza. Mchanga uondoke wote, maana punje moja chini ya mkono huchora mfereji. Sehemu zinazong'ara kama kioo zifunike kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi.

Ulaze mkanda juu ya ubao, unyooke. Chukua kisugulio cha nyuzi cha rangi ya maruni, wanachotumia wapaka rangi za magari, ukizungushie kijiti bapa ili kisizame pembeni na kuviringa kingo. Jaribu kwanza ndani ya kifungo, pasipoonekana. Kisha vuta. Upande mmoja tu, kutoka kwenye saa hadi kwenye kifungo, mkono mwepesi, bila kusita katikati. Nyanyua, rudi mwanzo, vuta tena. Ukienda na kurudi, mkono hupinda pale unapogeuka, na kila pingili hubaki na alama ya upinde ambayo mwanga wa dirishani huionesha hapo hapo. Mivuto mitano, futa, tazama. Mara nyingi inatosha.

Shimo la kugonga ukuta liache. Ukilifuata utachimba bonde. Mkanda wa dhahabu ya kupaka au rangi nyeusi usiuguse kabisa, kwani utaondoa ngozi yake. Na sawa, wapo mafundi wanaofunika mistari kabla ya kuwasha mashine. Ukimpata mmoja wao, mpe saa.

Osha tena, maana unga wa chuma ukibaki kwenye viungo husaga pini na mkanda hulegea. Kisha rudisha mkanda kwenye saa: pini ya springi ikikaa mahali pake hulia "tik". Usipoisikia, usishuke pwani na saa hiyo.